Joseph Bazalgette: enjenyeri aliyeondoa uchafu wa London, na watu wa chini ya mto

Mvua kubwa ikianza kuanguka Bukavu usiku, wako watu wanaoamka, na si kwa kufunga madirisha. Wanatoa kifuniko cha shimo la choo, ao wanafungua ile tiyo ndogo iliyofichwa nyuma ya ukuta, wanaacha maji ya mvua yabebe. Asubuhi kiwanja kiko safi. Uchafu umeshuka ku kanivo, ku mto Kawa, ku ziwa ao ku Ruzizi. Kwa mwenye nyumba kazi imeisha. Kwa mama anayeishi chini ya kilima na kuchota maji bondeni, iwe Kadutu ao huku Nyantende ku barabara ya Nyangezi, matatizo njo yanaanza.

Miaka zaidi ya 160 iliyopita, mtu mmoja alijenga kazi kubwa kuliko zote za wakati wake ili kubeba uchafu wa mji mzima namna hiyo, kuutoa hapa na kuupeleka kule. Aliokoa maisha ya watu wengi mno. Kisha alitumia miaka ya mwisho ya kazi yake akijibu malalamiko ya wale walioishi pale uchafu ulipofikia.

Joseph William Bazalgette alizaliwa tarehe 28 Machi 1819 huko Enfield, kaskazini ya London, Uingereza. Jina lake si la Kiingereza. Babu yake alikuwa fundi cherehani Mfaransa aliyehamia Uingereza na kutajirika kwa kushonea wakubwa nguo. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi la majini, aliyeumizwa katika vita vya wakati wa Napoleon. Mtoto mwenyewe alikua mwembamba, mfupi, mwenye pumu. Hakuna aliyemwangalia akafikiri kwamba siku moja atasimamia maelfu ya wachimbaji.

Kazi aliijifunza Ireland, chini ya enjenyeri mwingine, katika kukausha mashamba yaliyojaa maji. Wakulima wanaochimba mifereji mu mabonde ya Bushi wanaijua hii kazi: kusoma mteremko, kuona maji yanataka kupita wapi, kuyapa njia kabla hayajajichagulia yenyewe. Mwaka 1842 alifungua ofisi yake London. Ulikuwa wakati wa homa ya reli, kila kampuni ikitaka ramani za njia yake ya treni zimalizike jana. Bazalgette alijikaza mupaka mwili na akili vikamshinda. Mwaka 1847 aliugua kwa uchovu na mawazo, akaacha kila kitu na kwenda kupumzika mbali na mji. Aliporudi, mwaka 1849, alichukua kazi ya chini kidogo ku tume iliyosimamia mifereji ya London. Wakati huo kolera ilikuwa ikiua.

London ya miaka ile ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2, na sehemu kubwa ya mavyoo yao yalikuwa mashimo chini ya nyumba. Kulikuwa na wanaume waliokuja usiku kuyachota na kuuzia wakulima kama mbolea. Ilinuka, lakini kwa namna fulani ilienda. Kilichoharibu ile mipango ni kitu tunachokiona leo kama maendeleo: choo cha kumwagia maji. Matajiri walipoanza kukitumia, mashimo yalijaa maji kwa siku chache, yakafurika. Basi watu wakaunganisha mavyoo yao na mifereji ya mvua, na mifereji ya mvua yote ilikuwa inashuka ku mto Thames. Sheria nayo ikasukuma, ikataka mashimo ya zamani yaondolewe. Ndani ya miaka michache mto ulikuwa choo cha mji. Na kampuni za maji zilikuwa zinapiga pompi mu mto uleule na kuuzia watu maji ya kunywa.

Kolera ya 1848 na 1849 iliua London watu zaidi ya 14,000. Ile ya 1853 na 1854 iliua zaidi ya 10,000. Wakubwa wengi wa serikali na wa utabibu waliamini kwamba ugonjwa unabebwa na harufu mbaya. Daktari John Snow alikuwa amesema ni maji, na mwaka 1854 alionyesha, nyumba kwa nyumba, jinsi wagonjwa wa kartie moja walivyokuwa wamekunywa ku pompi moja ya Broad Street. Wachache walimkubali. Alikufa Juni 1858 bila kushinda ule ubishi. Bazalgette mwenyewe alifanya kazi kati ya watu walioogopa harufu, na mipango yake yote ilichorwa ili kuiondoa. Ni moja ya bahati kubwa za historia: walikosea sababu, lakini dawa waliyoichagua iliondoa pia maji machafu ku midomo ya watu.

Mwaka 1856 aliteuliwa enjenyeri mkuu wa bodi mpya iliyopewa kazi za mji mzima. Mpango wake ulikuwa tayari. Mifereji yote ya zamani ilishuka kutoka vilimani kwenda mtoni, upande wa kaskazini na upande wa kusini. Yeye alitaka kuchimba mifereji mikubwa inayokwenda sambamba na mto, ikate ile ya zamani njiani, ikusanye kila kitu kabla hakijafika Thames, na kukipeleka mashariki, mbali na nyumba. Huko kingemwagwa wakati bahari inapokupwa. Kwa msomaji wa kando ya ziwa, hili linataka maelezo kidogo: Thames inaingia baharini, na bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Maji ya bahari yakijaa, mto unarudi nyuma. Yakipwa, unavuta kwa nguvu kwenda nje. Ukifungua milango saa ile bahari inapoanza kupwa, uchafu unaondoka na maji.

Miaka 2 ilipita katika mabishano. Serikali ilirudisha mipango yake mara kwa mara, na sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa juu ya mahali pa kumwagia: iwe hapa, ao kilometa kadhaa mbele, nje ya mipaka ya mji. Kusafisha kwanza, hapo hapo kabla ya kumwaga, hakukupata nafasi katika mpango. Watu walijaribu njia mbalimbali za kutengeneza mbolea ao kutia dawa, lakini hakuna aliyekuwa na njia iliyothibitika kwa mji wa ukubwa ule.

Kisha likaja jua la 1858. Mwezi wa Juni joto lilipanda, mto ulishuka, na uchafu wa miaka ukabaki ukipikwa ku kingo. Bunge la Uingereza limejengwa ukingoni mwa Thames. Wafanyakazi walilowesha mapazia ya bunge kwa dawa ya klorini ili madepite waweze kupumua, lakini wapi. Mabishano ya miaka yalikatwa kwa siku 18, na tarehe 2 Agosti 1858 sheria ilikuwa imetiwa sahihi, na pesa zikapatikana. Mtu anaweza kujiuliza ingechukua miaka mingapi kama bunge lingekuwa limejengwa ku kilima.

Hapo Bazalgette alipata kufanya kazi aliyoizaliwa kwayo. Kilometa 132 za mifereji mikuu ya matofali, nyingine pana kiasi cha treni kupita, na juu yake mifereji ya barabarani ya kilometa zaidi ya 1,700. Matofali yaliyohesabiwa ni milioni 318. Mteremko ulikuwa mdogo sana, karibu sentimita 38 kwa kila kilometa, kwa hiyo kosa dogo la kupima lingefanya uchafu usimame chini ya nyumba za watu. Mahali ambapo ardhi iko chini sana, masini za mvuke zilinyanyua maji machafu kuyapandisha ku mfereji wa juu. Pale Crossness, upande wa kusini, masini 4 kubwa ziliwekwa ndani ya jengo lililopambwa kwa chuma kama kanisa, likafunguliwa mwaka 1865 na mtoto wa malkia.

Alikuwa mtu wa kukagua kila kitu. Sima ya Portland ilikuwa bado ngeni, wajenzi wengi hawakuiamini, lakini inazidi kukaza ikiwa mu maji. Yeye na wasaidizi wake waliijaribu mzigo kwa mzigo, na ile iliyoshindwa kipimo ilirudishwa. Inasimuliwa pia kwamba alipokwisha kupiga hesabu ya upana wa mifereji, kwa kukadiria watu wengi kuliko waliokuwapo, aliongeza tena. Ikiwa ni hivyo ao hapana, mifereji ile ilibeba mji ulioongezeka mara kadhaa na sehemu kubwa inabeba mupaka leo. Yeyote aliyewahi kuona kanivo ya barabara mpya ikijaa ku mvua ya kwanza anajua thamani ya enjenyeri anayehesabu na watoto ambao hawajazaliwa.

Jibu la kazi yake lilikuja mapema, na kwa ukatili. Mwaka 1866 kolera ilirudi London, ikaua zaidi ya 5,500. Karibu wote walikuwa wa sehemu moja, mashariki, pale ambapo mifereji ilikuwa imechimbwa lakini kituo cha pompi cha Abbey Mills kilikuwa bado hakijamalizika, na maji ya kampuni moja yalikuwa yamechafuliwa. Kwingine kote ambako kazi ilikuwa imeisha, ugonjwa haukushika. Abbey Mills ilifunguliwa 1868. Baada ya hapo London haikuona tena mlipuko wa kolera. Ulipofika mwaka 1892 na Hamburg, mji wa Ujerumani, ukapoteza watu zaidi ya 8,000 kwa wiki chache, London ilikaa salama.

Alijenga pia kingo mpya za mto, barabara pana juu, mfereji mkuu na reli ya chini ya ardhi ndani yake, iliyofunguliwa 1870. Mwaka 1875 malkia alimpa cheo, akawa Sir Joseph. Alikuwa na mke, Maria, na watoto 11. Vitabu vingi vya sifa vinaishia hapa ao vinaruka haraka mupaka siku ya kifo chake.

Lakini uchafu ulikuwa unatokea mahali fulani. Upande wa kaskazini ulitokea Beckton, jirani na mji mdogo wa Barking; upande wa kusini, Crossness. Kila siku milango ilifunguliwa, na maji machafu ya mamilioni ya watu yakaingia mtoni kama yalivyotoka mu nyumba zao. Watu wa Barking walianza kulalamika kabla miaka ya 1860 haijaisha. Walisema tope linajaa ku mto, samaki wamekwenda, harufu inaingia nyumbani. Bodi ilikataa. Bazalgette, aliyekuwa amepima kila sentimita ya ile kazi, alitetea milango yake na kusema tope lile lina asili nyingine. Wataalamu waliletwa kila upande. Wenye mto mbele ya nyumba walikuwa na pua zao tu kama ushahidi.

Tarehe 3 Septemba 1878, jioni, meli ya abiria iliyoitwa Princess Alice ilikuwa inarudi London na familia zilizotoka matembezini. Iligongwa na meli ya makaa karibu na milango ile na kukatika. Walikufa watu zaidi ya 600. Muda mfupi kabla, milango ilikuwa imefunguliwa. Waliokuwa wanaogelea walikuwa wanaogelea mu maji ya choo, na walionusurika walisimulia ladha yake na harufu yake. Hakuna aliyeweza kuthibitisha wangapi walikufa juu ya maji na wangapi juu ya uchafu. Lakini kuanzia siku ile haikuwezekana tena kusema kwamba kitu kilichopelekwa mbali kimekwisha.

Serikali iliunda tume, ikafanya kazi kuanzia 1882 mupaka 1884, ikaamua: uchafu usimwagwe tena mtoni ukiwa mbichi. Kwanza vitu vizito vitengwe. Njo hapo, akiwa na miaka zaidi ya 60, mjenzi wa mifereji alilazimika kuongeza sehemu iliyokosekana ku kazi yake. Beckton na Crossness zilijengewa mabwawa. Maji machafu yalitiwa chokaa na chumvi ya chuma, vipande vidogo vikashikana na kuwa vizito, vikazama. Ni ndugu ya ile mbinu ambayo REGIDESO inatumia kwa maji ya kunywa, inapotia sulfati ya alumini ili tope lishuke chini. Maji ya juu yaliachwa yaende mtoni. Mabwawa ya Beckton yalikamilika mwaka 1889, mwaka ambao Bazalgette alistaafu. Alikufa nyumbani kwake Wimbledon, tarehe 15 Machi 1891.

Kuzamisha tope hakukutosha, na wale walioshika kazi nyuma yake walijua. Maji yanaweza kuonekana meupe mu glasi na bado kuwa na uchafu ulioyeyuka ndani, pamoja na vijidudu vya magonjwa. Yakifika mtoni, bakteria wanakula ule uchafu na kumaliza hewa iliyo mu maji. Samaki wanakufa kwa kukosa pumzi. William Dibdin, mkemia aliyekuwa anafanya kazi ku mabwawa yaleyale, aligeuza swali: ikiwa bakteria wanakula uchafu ku mto, kwa nini wasiule kwanza ndani ya mtambo? Miaka ya 1890 alipitisha maji machafu juu ya matabaka ya mawe na makaa, akiyapumzisha katikati ili hewa iingie. Bakteria walishika ku mawe na kula.

Mwaka 1914, huko Manchester, Edward Ardern na William Lockett walipata njia ya haraka zaidi. Walipuliza hewa ndani ya maji machafu mupaka yakasafika, kazi iliyochukua karibu wiki 5. Kisha, badala ya kutupa lile tope la kahawia lililobaki chini, waliliacha na kumwagia maji machafu mapya juu yake. Tope lilikuwa limejaa bakteria walio hai, wenye njaa. Wakarudia, wakarudia, mupaka kazi ya wiki 5 ikawa inafanyika kwa chini ya saa 24. Ni kama mwoka mikate anayebakiza chachu ya jana kwa unga wa leo.

Mitambo mikubwa ya leo, na Beckton yenyewe bado ni mmoja wao, inafuata hatua hizo. Nondo zinakamata vitambaa na chupa. Mchanga unazama. Vizito vinatulia ndani ya bwawa la kwanza. Maji yanaingia bwawa la pili, ambamo hewa inapulizwa usiku na mchana na bakteria wanafanya kazi. Bwawa la tatu linatenga bakteria na maji. Wao wanarudishwa kazini, maji yanaendelea. Hesabu ya umeme ni kubwa. Ukikata moto kwa saa nyingi, bakteria wanaohitaji hewa wanaanza kufa, na yeyote anayeishi na delestaji ya Bukavu anaelewa mara moja hatari yake.

Lakini iko njia isiyoomba umeme mwingi. Nairobi, uchafu mwingi wa mji unakwenda Ruai, ku mabwawa ya Dandora, ambayo kazi yake inafanywa na jua, upepo na wakati. Bwawa la kwanza ni la kina kirefu, halina hewa, tope linazama na kuoza. La pili ni pana zaidi na si la kina sana. Majani madogo ya kijani ya majini yanatengeneza hewa kwa nguvu ya jua, bakteria wanaitumia. La mwisho ni la kina kifupi ili mwanga ufike chini na kuua vijidudu. Maji yanakaa siku nyingi kabla ya kutoka. Kinachohitajika ni uwanja mpana ulio tambarare, na Bukavu, yenye milima na nyumba zilizobanana mupaka ukingoni, imeumaliza zamani. Viwanja vya namna hiyo bado vinaonekana ukitoka nje ya mji, upande wa Nyantende, na vinauzwa kwa mita.

Kwa sasa nyumba nyingi zinategemea shimo, ao fosi septiki, kitu kilichotengenezwa na Mfaransa Louis Mouras, wa Vesoul, wakati uleule Bazalgette alipokuwa anachimba. Fosi nzuri inafanya hatua ya kwanza ya mtambo: vizito vinazama, maji yanatoka kando na kuingia ardhini. Haimalizi kazi, na tope lake linaongezeka kila mwaka. Likijaa, litakwenda mahali fulani: ndani ya gari la kunyonya, ao ndani ya mvua ya usiku.

London nayo haikupata mara moja mahali pa kuweka tope lake. Mwaka 1887 bodi ilinunua meli ya kulipakia ku Beckton, kushuka nalo mupaka mdomo wa mto, na kulimwaga baharini. Meli hiyo ya kwanza iliitwa Bazalgette. Nyingine zilifuata, zikifanya safari ileile, mupaka ilipokatazwa mwishoni mwa 1998.